Gavana Aliyeshindwa Kura, na Mpishi Wake

Baba yangu alikuwa mpishi wa gavana.

Sentensi hiyo ina maneno sita, na mimi ninayeishi kwa kuandika ilinichukua ujana wangu wote kuitamka. Kabla ya hapo baba yangu alikuwa mchimba shaba. Alikuwa mchimba shaba bwenini, katika fomu za shule, katika vikao vya vijana wa chuo kikuu, na mara moja alikuwa mchimba shaba mbele yake mwenyewe, katika mkutano wa kijiji uliojaa watu waliokula mikate yake. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayokuja kuiungama.

Gavana mwenyewe hakuwa wetu. Alitawala ng'ambo ya mpaka, kusini, katika nchi ambako vijana wa Ufipa walikwenda kwa miguu kutafuta kodi na blanketi. Wengi waliishia migodini. Baba aliishia jikoni kwa sababu ya foleni. Siku ya kuandikishwa, mtu aliyemtangulia alidai anajua kupika, akaulizwa yai la kuchemsha linakaa motoni muda gani, akasema mpaka liive. Akafukuzwa. Baba, aliyekuwa nyuma yake, alipata nafasi ya kutafakari jibu. Akaanza kwa kuosha sufuria za mkuu wa wilaya, akapanda sufuria kwa sufuria mpaka nyumba ya gavana.

Kwetu nyumbani maisha ya gavana yule yalisimuliwa kutokea jikoni, kwa hiyo nilijua alichokula kabla sijajua alichofanya. Nilijua kwamba alipenda ncha ngumu za mkate, zile ambazo wakubwa wengine huzikata na kuzitupa. Nilijua kwamba kofia yake ya sherehe, yenye manyoya ya ndege, ilihifadhiwa kwenye stoo ya chakula pamoja na karafuu ili isiliwe na wadudu, na kwamba kila sikukuu ya Malkia gavana alikwenda kukagua askari akinuka pilau. Ilikuwa baadaye sana, nikiwa na kadi ya maktaba, ndipo nilipojua mengine: kwamba alikuwa mtoto wa fundi viatu, akahubiri kanisani akiwa kijana, akagombea ubunge katika mji wa wachimba makaa ya mawe, akapata, akakaa bungeni miaka mingi, akawa naibu waziri wa mambo ambayo hakuna aliyeyakumbuka, halafu uchaguzi mmoja ukamtupa nje. Chama chake kikamwonea huruma. Wengine wakishindwa hupewa pole; yeye alipewa nchi.

Baba aliyajua hayo yote bila maktaba.

"Magavana wengine walizaliwa wakubwa," alikuwa akisema. "Huyu wangu alikuwa amepigiwa kura, halafu hakupigiwa. Ukimpikia mtu aliyeshindwa kura, mama, unapika kwa raha. Anakula polepole na anashukuru."

Ubunge haukumtoka gavana. Kila asubuhi alipita jikoni kuwasalimu watu kwa mikono, akiuliza habari za watoto, na kesho yake akauliza tena kama mgeni. Siku moja alimshika baba bega na kumwambia, "Naweza kukutegemea?" Baba alidhani ni habari ya nyama ya jioni. Mzee yule alikuwa anaomba kura, kutoka kwa mtu asiye na kura, katika nchi isiyo na uchaguzi. Lakini baba alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Alimtazama gavana akiingia kwenye mikutano na wazee waliokasirika, akajifunza jambo moja ambalo amelitumia maisha yake yote: kabla hujafungua mdomo, tafuta ni nani hakubaliani nawe, kisha nenda ukae karibu naye.

Sasa nieleze habari ya nyasi, maana ndizo zilizotufikisha kwenye simu nitakayoisimulia mwishoni.

Wafipa hatulimi kwa mistari. Mvua zinapoelekea kuisha tunapindua majani pamoja na udongo wake, tunayafunika, mpaka shamba zima linakuwa vilima vidogo vya mviringo vinavyomfikia mtu magotini. Tunaviita intumba. Juu yake tunapanda maharage. Ndani yake nyasi zinaoza taratibu, na msimu unaofuata tunavibomoa, udongo mweusi unasambazwa, ulezi au mahindi yanapandwa. Hakuna mbolea ya dukani inayoingia humo. Ukisimama kwenye barabara ya Matai wakati huo wa mwaka, mteremko wa kijiji chetu unaonekana kama mikate iliyopangwa kwenye sinia. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo, na alikuwa na msemo wake ambao sijausikia kwa mtu mwingine: nyasi ni kama mzee wa ukoo, huanza kulisha watoto akishazikwa.

Baba alisimulia kwamba alikuwa na bustani ndogo nyuma ya jiko la gavana. Siku moja, mvua zikiisha, alikuwa anapindua majani pale, gavana akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Nani amekufa?" gavana akauliza, kwa sababu vilima vile kweli vinafanana na makaburi.

Baba akamjibu kwa msemo wa mama yake. Gavana akacheka, akakaa juu ya debe, akaomba aelezwe tena. Miezi michache baadaye wataalamu wa kilimo walimletea gavana amri ya kupiga marufuku vilima hivyo katika wilaya ya mpakani, ambako majirani zetu wanalima kama sisi. Gavana akakataa kuweka sahihi. Ndivyo baba alivyosimulia. Barua ya sifa aliyopewa baba huko, ambayo ingethibitisha angalau kwamba alikuwa jikoni, ililiwa na mchwa.

Mimi nilikulia ndani ya hadithi hiyo na ndani ya harufu ya mkate. Baba alioka kwa debe, makaa chini na makaa juu, kila Jumamosi, na nusu ya kijiji ilipita "kusalimia." Nilipokwenda sekondari nikasikia, kwenye somo la siasa, maneno kama kibaraka na mtumishi wa beberu. Nikapiga hesabu haraka. Usiku huohuo baba alihama kutoka jikoni akaingia mgodini, na alipofika chuo kikuu pamoja nami alikuwa tayari amegoma mara mbili na kuongoza wenzake. Nilivaa makatambuga ya tairi, nikaacha nywele zisimame, nikasema "sisi watoto wa wafanyakazi" kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka naenda kunywa maji.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Kwetu hatukuhamia mbali. Walihamia wengine wakatufuata. Nilikuwa likizo nyumbani pale bwana shamba alipoitisha mkutano. Alikuwa kijana kutoka pwani, mchapakazi, mwenye cheti kipya na furushi la kamba na vigingi, na baridi ya Ufipa ilikuwa imemvisha makoti mawili.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuanzia msimu huu ni matuta ya mstari. Kamba ikinyooka, shamba limenyooka. Hivi vilima vyenu vinafanana na makaburi."

"Ndiyo makaburi yenyewe!" jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo, akajibu kutoka nyuma. "Wewe ulitaka tuzike wapi?"

Watu wakacheka. Bwana shamba naye akacheka, lakini kamba hakuiweka chini.

Ndipo nilipomwona baba akihama alipokuwa ameketi. Alipita katikati ya watu akaenda kukaa karibu na meza, bega kwa bega na bwana shamba. Nilijua maana yake. Akaomba nafasi, akasimama, akasimulia: bustani, kikombe cha chai, debe, amri iliyokosa sahihi. Alisimulia vizuri kuliko siku zote. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali.

"Kwa hiyo, mzee wangu," bwana shamba akasema taratibu, "unatuletea ushauri wa mkoloni?"

Vichwa vikaacha kutikisika. Mwaka ule neno hilo halikuwa la mchezo. Mwenyekiti wa kijiji akaanza kuangalia viatu vyake. Bwana shamba, nadhani kwa nia ya kupunguza makali, akanigeukia mimi.

"Tuna msomi wa historia hapa. Dada, tusaidie. Mzee alimpikia gavana kweli, au ni hadithi za motoni tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza hata kusema sijui, jibu ambalo chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kulisema kwa kurasa kumi. Lakini karibu yangu walikuwa wameketi wenzangu wawili wa chuo, wageni wangu, waliokuja kuona vijiji na ambao walikuwa wamesikia habari za mgomo wa migodini. Nikasimama.

"Baba yangu alikuwa mchimba shaba," nikasema. "Alikuwa mfanyakazi."

Mkutano mzima ulikuwa umekula mkate wa Jumamosi. Baba alinitazama kama alivyokuwa akiutazama mkate uliogoma kuumuka: bila hasira, akitafuta kosa lake yeye.

"Mtoto amesoma," akasema. "Labda mimi ndiye niliyesahau."

Akaketi. Na matuta yakapita bila kupingwa.

Sitaki kumlaumu bwana shamba, maana alifanya kazi aliyofundishwa. Lakini kamba yake ilinyooka bila kuuliza mteremko unakwenda wapi. Mvua za msimu ule zilishuka kwenye mifereji iliyopimwa vizuri kabisa, zikachukua udongo, na maharage yakatoka ya njano. Habari hizo zilinifikia chuoni kwa barua kutoka nyumbani, pamoja na sentensi moja iliyoandikwa mwishoni kana kwamba haina uzito: baba yako haoki tena.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, na ilibidi nichague mada ya tasnifu. Nilimwambia mwalimu wangu kwamba nataka kuchunguza njia ya mwanasiasa wa Kiingereza kutoka bungeni mpaka ugavana, ili kuufichua ubeberu unavyowatunza walioshindwa. Alifurahi. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama kuna mahali popote gavana ametaja maharage.

Alikuwa ameandika kumbukumbu zake, kitabu kinene chenye picha ya kofia ya manyoya. Nilikisoma kwa wiki tatu kwenye meza ya nyuma ya maktaba nikijifanya nina hasira. Nilisoma duka la viatu, mahubiri, mji wa makaa ya mawe. Nilisoma usiku aliposhindwa kwa kura ambazo, anasema, zingetosha kuketi katika kanisa moja dogo, na jinsi alivyompa mkono aliyemshinda kisha akakosa mahali pa kuweka mkono wake. Hapo, Mungu anisamehe, nilimpenda kidogo. Kulikuwa na sura kumi za ugavana, na mpishi hakuwamo. Walikuwamo farasi wake na mbwa wake, kwa majina.

Halafu, karibu na mwisho, katika aya kuhusu safari ya wilaya ya mpakani, nikakuta hivi, nikitafsiri: kwamba wataalamu walitaka vilima vya majani vifutwe, naye akakataa, kwa sababu mwenyeji mmoja alikuwa amemweleza kuwa nyasi ni kama mzee wa ukoo, huanza kulisha watoto akishazikwa.

Nilifunga kitabu. Bibi yangu, ambaye hakuvuka mpaka hata siku moja, hakujua kusoma na hakupata kumwona Mzungu asiye padri, alikuwa ameketi katika ukurasa wa kitabu cha gavana, ndani ya maktaba yetu, na hakuna aliyemjua isipokuwa mimi. Nikafungua tena kuhakikisha hajaondoka.

Barua nyingine kutoka nyumbani ikaniambia kwamba bwana shamba, ambaye kumbe alikuwa na macho, anataka kuandika ripoti kijiji kiruhusiwe kurudia vilima kwenye miteremko. Tatizo lilikuwa moja. Wakubwa wake walitaka ushahidi ulioandikwa, si maneno ya wazee, na ripoti ilitakiwa iondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Barua za kutoka Dar es Salaam kwenda kwetu, mvua ikinyesha, zilikuwa na tabia ya kupumzika njiani. Nikampelekea telegramu: siku fulani, saa nne asubuhi, nitapiga simu ofisini kwako Sumbawanga, tafadhali baba yangu awepo.

Simu za mbali siku zile zilikuwa sherehe ya hadhara. Unaandikisha namba posta, unakaa kwenye benchi na wenzako, na ukiitwa unaingia kwenye kibanda ambacho mlango wake haufungi, unapiga kelele, na benchi zima linajua mjomba wako anaumwa nini. Niliitwa saa tano kasoro.

"Sumbawanga, kilimo," opereta akasema. "Ongea, una dakika tatu."

"Haloo! Dada!" Alikuwa bwana shamba. "Mzee yuko hapa, amevaa koti la kanisani. Sema upesi."

Nikamsomea aya. Akaniomba nirudie, akiandika. Nilisikia kalamu, au nilitaka kuisikia.

"Hii ameandika gavana? Kwenye kitabu? Ukurasa wa ngapi?" Nikamtajia. "Safi kabisa. Wakubwa wanapenda ukurasa."

Tulikuwa tumepata uhuru, nikawaza, lakini karatasi ilikuwa bado haijapata.

"Sasa huyu mwenyeji mmoja," akaendelea, "ni nani? Wataniuliza. Niandike nani?"

"Andika mpishi wake."

"Mpishi gani?"

"Huyo aliyevaa koti la kanisani. Huo msemo ni wa bibi yangu, mama yake. Hauna mwenyewe mwingine."

Kalamu ikasimama. Nilidhani laini imekatika.

"Hapana, dada," akasema. "Mzee alikuwa mgodini. Wewe mwenyewe ulituambia. Na yeye anatusimulia kila nikipita kijijini, jinsi walivyokuwa wakishuka chini, joto, giza. Ingawa," akashusha sauti, "juzi alituambia kwamba shaba ikikaribia kuwa tayari unaijua kwa harufu, na inakuwa kahawia pembeni."

Nikaegemea ukuta wa kibanda. Mwaka mzima. Mwaka mzima mzee yule, aliyekuwa na hoja bora kuliko zote za kuokoa shamba la mama yake, aliikalia kimya, akaacha kuoka, akajifunza kuchimba shaba kwa maneno ya mkate, ili binti yake asionekane mwongo mbele za watu.

"Nilidanganya!" nikapiga kelele. "Unanisikia? Nilidanganya mkutanoni. Baba yangu hakuchimba hata punje ya shaba. Baba yangu alikuwa mpishi wa gavana!"

Benchi zima la posta likanigeukia. Kisha mzee mmoja mwenye kanzu akasema, bila dhihaka yoyote, "Hongera, mwanangu."

"Basi naandika hivyohivyo," bwana shamba akasema. "Mpishi. Na jina lake kamili naweka. Ripoti inaondoka leo. Ongea na mzee."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Baba, nimekiri."

"Nimesikia. Simu hii inapiga kelele."

"Kwa nini uliwaambia ulikuwa mgodini?"

"Ulikuwa umeshasema mbele ya watu," akajibu, kana kwamba nimemuuliza yai linakaa motoni muda gani. "Uongo ni mzigo mzito. Mtu hamwachii mwanawe aubebe peke yake."

Nilikuwa nimemwachia yeye aubebe. Mimi, mwana wa wafanyakazi.

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa?" akauliza.

"Unaruhusiwa, baba. Sema yote."

Nikamsikia akiweka mkonga wa simu mezani bila kuikata. Nikasikia kiti kikivutwa. Ofisi ile, kwa kelele zake, ilikuwa na watu wasiopungua watano. Akakohoa kidogo, na kabla ya neno lolote lingine akauliza, kwa adabu kabisa, "Nani hapa bado hakubali? Nisogee nikae karibu naye."

Mtu akacheka. Kiti kikavutwa tena.

"Haya," baba akasema, mbali kidogo sasa, lakini kila neno lilifika. "Mvua zilikuwa zinaisha. Niko nyuma ya jiko, nimeinama, napindua majani. Bwana Mkubwa akatoka na kikombe chake..."

"Dada, dakika tatu zimekwisha," opereta akaingilia. "Unaongeza?"

"Ongeza," nikasema.